Mapenzi ya Kikorea Sebuleni kwa Mama Dobi

Mama Dobi alikuwa mtu wa kulilia mapenzi ya watu wengine. Ya kwake yalikwisha mapema, mumewe alipofariki na kumwachia mashine ya kufulia nguo, pasi nzito, na mtoto wa kiume aliyependa kukaa. Mapenzi mengine akayatafuta kwenye runinga, na huko akayakuta tele, yametoka Korea.

Kila jioni, nguo za wateja zikishakunjwa na kufungwa, jirani yake fundi cherehani alivuka ua na shati la mtu mkononi, akijifanya amekuja kuazima pasi. Wote wawili walikaa chini kwenye zulia, maana kochi lilikuwa na mwenyewe. Tamthilia ikaanza. Ilikuwa imetiwa sauti za Kiswahili, na bwana mmoja mwenye sauti ya kukwaruza ndiye aliyewasemea wanaume wote, kuanzia kijana mpenzi hadi babu yake mgonjwa, hata ukifumba macho ulidhani ni mtu mmoja anagombana na nafsi yake.

Habari zilikuwa zile zile, na utamu wake ulikuwa hapo hapo. Kijana tajiri, mtoto wa kampuni ambayo hakuna aliyewahi kujua inauza nini, ana nywele zimelala kipajini kana kwamba zimepigwa pasi. Msichana maskini anaishi chumba kimoja juu ya paa, na kila akitoka amevaa koti jipya. Wanagombana. Msichana anajikwaa pasipo na jiwe. Kijana anamdaka, anabaki amemdaka, na kamera inawazunguka mpaka wewe mtazamaji ndiye unayeona kizunguzungu. Busu likija, na huwa halina haraka ya kuja, linaonyeshwa kutoka mbele, ubavuni, nyuma na juu, kama nyumba inayouzwa.

"Unaona anavyomtazama?" Mama Dobi alikuwa akisema, akijifuta macho kwa ncha ya aproni. "Mume wangu, Mungu amrehemu, alinitazama hivyo siku moja tu, siku niliyomuunguzia suruali."

"Wako alikutazama," fundi cherehani akajibu, anakata uzi kwa meno. "Wangu anatazama mpira."

Aliyewachefua wote wawili alikuwa mama wa yule kijana tajiri. Kila tamthilia ilikuwa naye: mwanamke wa lulu shingoni, anamwita msichana maskini mgahawani, anamsukumia bahasha, anamwambia amwache mwanawe, kisha anammwagia maji usoni. Hapo Mama Dobi alikuwa anainuka kabisa. "Mwanamke gani huyu! Hana hata chembe ya huruma! Mtoto wa watu kakukosea nini?" Fundi cherehani naye alimlaani huyo mama kwa ukoo wake mzima, mpaka sindano ikamchoma kidole.

Nyuma yao, kwenye kochi, mwana wa Mama Dobi alitazama kimya. Mtaani walimwita Mwenyekiti. Wageni walidhani ni cheo. Haikuwa hivyo, kilikuwa ni kiti tu, na yeye ndiye mwenyewe. Alikuwa amesomea usimamizi wa biashara, na tangu amalize hakuwa amepata biashara ya kusimamia. Alikuwa kijana mzuri wa sura, hilo lazima lisemwe, na tamthilia hizo alizitazama tangu yuko shule, hata nywele zake zikajifunza kulala kipajini.

Siku moja chemba ya maji machafu ya Mama Dobi ikaziba, akaitwa fundi bomba. Akaja msichana mwenye ovaroli na mkoba wa vyuma, akalala kifudifudi kwenye sakafu, akaingiza mkono hadi begani, akatoa donge la nyuzi na vifungo, akasema, "Mama, weka chujio hapa, yasirudi." Mama Dobi alimsifu mtaa mzima. Alisema huyo si fundi bomba tu, ni bomba la fundi.

Sifa hizo zilikoma ghafla. Ilipopita miezi michache Mwenyekiti akasimama katikati ya sebule, mikono mifukoni, akageukia dirisha kama anayeongea na mawingu, akasema, "Mama, nimempata."

"Umempata nani?"

"Fundi bomba. Ni miezi sasa. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

Mama Dobi alikuwa anapiga pasi. Aliinyanyua pasi, akaisimamisha, akangoja mwanawe atoke. Kisha akavuka ua mbio kwa fundi cherehani.

"Yule!" akasema. "Anaingia mitaroni! Mwanangu kasoma, halafu niletewe mkwe ananuka chemba?"

Fundi cherehani akasimamisha cherehani. "Dada, si ndiyo kama yule msichana wa kwenye tamthilia, aliyekuwa anasugua vyoo vya hoteli? Uliliaje juzi."

"Yule alikuwa anaigiza."

"Na mwanao je? Kwani ana kampuni?"

"Hana kampuni, lakini ana mama!" Mama Dobi akajibu, na jibu hilo likamkaa vizuri kichwani. Usiku huo alilala akilifikiria, na asubuhi akaamka na mpango.

Mpango wenyewe hauhitaji kuelezwa sana, kila mtazamaji anaujua. Alimpigia fundi bomba simu, akamwita mgahawani, ule wenye vioo karibu na stendi. Akafungua kabati la nguo za wateja, akachagua suti ya hariri ya mwanasheria mmoja, safi, inayosubiri kuchukuliwa. Lulu akaazima kwa fundi cherehani. Zilikuwa za plastiki, zilitolewa kwenye gauni la bibi harusi aliyebadili mawazo. Mwisho akachukua bahasha. Fedha za kutia ndani hakuwa nazo. Akaandika kwenye karatasi kwamba mwenye kuonyesha barua hii atafuliwa nguo bure kwa Mama Dobi mwaka mzima, akaitia humo na kulamba gundi ya bahasha kwa heshima.

Fundi bomba alifika ametokea kazini, mkoba wa vyuma begani. Akauweka chini taratibu usikwaruze sakafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa," Mama Dobi akasema kwa sauti ambayo haikuwa yake. Ilikuwa ya yule mwanamke wa lulu, na ilimkwaruza koo. Mhudumu akaja. "Tuletee maji," Mama Dobi akaagiza. "Glasi mbili, zijae."

"Ya glasi hatuna, mama. Tuna ya chupa."

Hilo halikuwamo kwenye mpango. Ikaletwa chupa, kizibo kimekazwa kiwandani. Mama Dobi akaivuta karibu, akaanza kukizungusha chini ya meza huku uso umetulia juu. Vidole vyake, vilivyokamua nguo za watu miaka nenda miaka rudi, vilikuwa vimechoka siku nyingi. Kizibo kikagoma.

"Wewe na mwanangu," akaanza, akikaza, "mnatoka katika dunia mbili tofauti."

Fundi bomba akafikiri kidogo. "Mama, mimi nakaa mtaa wa nyuma yenu. Ukifungua dirisha la jikoni unaona kamba yangu ya nguo."

"Nasema dunia ya... ya hadhi." Akaisukuma bahasha mezani. "Chukua. Umwache."

Msichana akaifungua, akaisoma, akaisoma tena. Akageuza karatasi nyuma kuona kama kuna masharti. "Ovaroli pia?" akauliza.

"Ovaroli pia."

"Na mashuka?"

"Na mashuka!" Mama Dobi akafoka, kisha akakumbuka lulu zake. "Na mashuka," akarudia kwa utulivu.

Fundi bomba akaikunja ile karatasi vizuri na kuirudisha kwenye bahasha. "Mama, nisikudanganye. Haki ya Mungu ningeichukua, maana mashuka yananitesa. Lakini mwanao nilikuwa namwacha hata bila mashuka. Nimemwambia tangu wiki iliyopita, ila naona hasikii. Amekaa anatabasamu tu. Nilifikiri umeniita ili nikueleze wewe, umweleze."

Mama Dobi akaacha kuzungusha kizibo. Alikuja kumfukuza mtu mlangoni, akakuta mtu mwenyewe anafunga viatu vya kuondokea. Moyo wake badala ya kufurahi ukapandwa na hasira.

"Umwache mwanangu? Wewe? Kwa kosa gani?"

"Si kosa, mama. Ni vituko." Msichana akasogeza kiti. "Nipo darini kwa watu, bomba limepasuka, maji yanashuka ukutani, nimeziba tundu kwa kiganja. Nikampigia simu nikamwambia, niletee spana kubwa, iko kwangu mlangoni. Akaja. Akapanda ngazi. Akanishika huu mkono, huu huu wa tundu, akanivuta, akanitazama machoni. Nikamwambia spana iko wapi? Akaniambia, 'Una macho mazuri ukiwa na hasira.' Mama, dari ya watu ilianguka."

"Hayo si ndiyo mapenzi?" Mama Dobi akasema, ingawa sauti ilikuwa imeanza kupungua lulu.

"Siku nyingine nimelala chini ya sinki, akanifunika na koti. Mchana, jua la saa saba. Koti likaingia gundi ya mabomba. Nikiumwa ananiletea ua. Nikimwambia nina njaa, anakaa mbele yangu ananitazama ninavyopika, halafu ananitazama ninavyokula, halafu anakula yeye. Kikombe hajawahi kukiosha. Nikimuuliza, tutaishi wapi, tutakula nini, anageukia dirisha."

Mama Dobi alilijua dirisha hilo. Lakini mtoto ni mtoto, na sasa kazi yake ikawa kuuza bidhaa aliyokuja kuificha.

"Ana nywele nzuri," akasema.

"Anazo."

"Ni mpole. Hajawahi kuniinulia sauti."

"Hajawahi kuinua kitu, mama."

"Kasoma!"

"Kasoma." Fundi bomba akamtazama bila ubaya wowote, kama anavyotazama bomba kabla ya kusema limeoza wapi. "Mama, hebu tuambiane ukweli. Wewe mwenyewe, kama si mwanao, ungeolewa naye?"

Mama Dobi alimfulia huyo mtu soksi tangu za kichanga. Alijua kila kitu kilichokuwa mifukoni mwake, na alijua zaidi kisichokuwamo. Kwa fadhaa akaiminya ile chupa na kukinyonga kizibo. Kizibo, kilichokataa kwa ridhaa, kikakubali kwa hasira. Maji yakaruka yakamwingia mwenyewe usoni, yakashuka kwenye lulu, yakatapakaa kwenye suti ya mwanasheria.

Msichana akaruka na kitambaa safi kutoka mkobani, akataka kumpangusa kifua.

"Usisugue!" Mama Dobi akapiga kelele, kwa sauti yake halisi ya sikuzote. "Hariri haisuguliwi! Bonyeza! Bonyeza tu!"

"Naijua hii suti," fundi bomba akasema huku anabonyeza. "Nilimtengenezea koki mwenye nayo akiwa ameivaa."

Mama Dobi aliona haya hadi unyayoni. Lakini msichana hakusema zaidi ya hapo. Alilipia chupa ya maji, akabeba vyuma vyake, akaaga kwa adabu, akaondoka kwenda kuzibua mahali.

Nyumbani Mama Dobi alimweleza mwanawe yote, isipokuwa habari ya suti. Alitazamia kilio. Mwenyekiti badala yake akang'aa macho, akaondoka kwenye kochi.

"Kwa hiyo umetutenganisha," akasema.

"Sikuwatenganisha mimi, amekukataa mwenyewe."

"Ndivyo wanavyosema. Anajitoa mhanga kwa ajili yangu." Akaenda dirishani akaangalia mbingu. Mama Dobi akaelewa kwamba anatafuta mvua.

Mvua iliringa. Mwenyekiti akaisubiri kwa subira ambayo hakuwahi kuionyesha kwa jambo lolote la faida. Hatimaye mchana mmoja yakaanza manyunyu, akatoka bila mwavuli, akaenda kusimama mbele ya nyumba ya fundi bomba, amelowa, nywele zimelala. Majirani wa kule wakamdhania amepoteza funguo. Fundi bomba akatoka na koti la mvua, anavuta bomba refu la plastiki alilokuwa analitengeneza uani.

"Maadamu umesimama," akamwambia, "shika mwisho huu, ukaze, nikafungue koki nione linavuja wapi."

Mwenyekiti akashika. Kwa kitambo kidogo alikuwa mtu wa kufaa. Lakini msichana aliporudi, maji yamekwisha kufunguliwa, yeye akaliachia bomba ili amshike mabega. Bomba likajinyonga kama limepagawa, likawalowesha wote wawili na paka wa jirani. Fundi bomba akafunga koki, akampa koti lake la mvua, akamwambia maneno mawili tu, "Nenda nyumbani," kisha akarudi ndani na kufunga mlango kwa komeo. Mwenyekiti aliugua mafua wiki nzima. Mama Dobi ndiye aliyempikia supu, akampangusa pua, na kumsikiliza akisema kwa sauti ya kukwaruza kwamba moyo wake umekufa.

Moyo ukafufuka kwenye simu. Kulikuwa na kundi la wapenzi wa tamthilia, watu wa miji mbalimbali wanaoandikiana kuhusu nani alimtazama nani, na humo Mwenyekiti akakutana na msichana aliyelia kuliko wote. Alipokuja nyumbani alilia kwa furaha alipoingia, akalia kwa kuonyeshwa picha ya marehemu baba mkwe, akalia tena kwa vitunguu. Fundi cherehani akambandika jina papo hapo: Bi Machozi. Alitoka kwenye familia ya heshima, hakuwahi kuingia mtaroni, na kila jioni aliweza kutazama tamthilia mpaka mwisho bila kupiga miayo. Mama Dobi hakuona sababu ya kukataa. Ndoa ikafungwa, na kwa kuwa Mwenyekiti hakuwa na pa kumpeleka, bibi harusi akahamia kwenye kochi.

Sasa Mama Dobi akawa anatazama mapenzi mbele na nyuma. Mbele Wakorea, nyuma hawa. Walivaa sare, sweta za rangi moja, na soksi zenye mioyo, nyeupe, Mungu wangu, rangi ya kushika uchafu kuliko zote. Walilishana. Walifumbana macho wakaulizana, "Mimi ni nani?" katika nyumba yenye watu watatu. Kuosha sahani kulikuwa kwa Mama Dobi, na kupika, na kufua zile sweta, ambazo zilichuja rangi kama zimetumwa.

"Lakini dada, unalalamika nini?" fundi cherehani akamwuliza uani. "Si ulitaka mapenzi? Yameletwa hadi nyumbani, na hakuna matangazo katikati."

"Kwenye runinga yana kitufe cha kuzima," Mama Dobi akasema.

Jumamosi moja ya nguo nyingi, mashine ikapiga kelele isiyo ya kawaida, na maji badala ya kwenda nje yakarudi ndani. Povu likatoka chumba cha kufulia, likapita ukumbini, likaingia sebuleni jeupe na jingi. Mama Dobi akapiga magoti na tambara na ndoo. "Nisaidieni!" akaita. "Leteni ndoo nyingine! Inueni zulia!"

Kwenye kochi miguu minne ikainuka. Bi Machozi akaliangalia povu linavyotanda sakafuni, akashika mashavu.

"Mpenzi," akanong'ona, "kama theluji ya kwanza!"

Mwenyekiti akasimama. Mama Dobi akadhani anakwenda kuleta ndoo. Akambeba mkewe mikononi, akashuka naye ndani ya povu, akaanza kuzunguka polepole, akimtazama machoni. Bi Machozi akalia. Kisigino cha Mwenyekiti kikakanyaga vidole vya mamaye, na hakikuomba radhi.

Mama Dobi akainuka. Goti lake moja lilikuwa na povu, jingine lilikuwa na tambara limegandia. Hakupiga kelele. Aliwasogelea kwa utulivu ambao hakuwahi kuupata akiwa na lulu.

"Hebu niambieni," akasema. "Katika tamthilia zote mlizotazama, mmewahi kuona wapenzi wa kweli wanaishi kwa mama?"

Wakaacha kuzunguka. Wakafikiri. Waliijua kazi hiyo vizuri kuliko kitu kingine chochote duniani.

"Hapana," Mwenyekiti akakiri.

"Huwa wanafanywaje?"

"Wanafukuzwa," Bi Machozi akasema, na macho yake yakaanza kung'aa. "Mama mwenye roho mbaya anawafukuza, wanaondoka na sanduku moja."

"Basi mimi ndiye mwenye roho mbaya. Nawafukuza. Tokeni."

Unaweza kudhani walilia kwa uchungu. Bi Machozi alilia, lakini kwa raha, na Mwenyekiti akashusha sanduku juu ya kabati kwa nguvu ambazo mamaye hakujua anazo. Walipanga sweta zao huku wanashikana mikono. Mlangoni Mwenyekiti akageuka na kusema, "Mama, siku moja utatuelewa," akatoka kifua mbele, na jua lilikuwa linawaka vizuri kabisa. Walikwenda, ilivyojulikana baadaye, kwa wazazi wa Bi Machozi, ambao nao walikuwa na kochi.

Mama Dobi akafunga mlango kwa ufunguo, mara ya kwanza mchana tangu aolewe. Kisha akampigia fundi bomba simu. Msichana alikuja bila kuchelewa na bila kuuliza yaliyopita, akalala kifudifudi, akavuta kutoka kwenye bomba soksi moja yenye moyo. Chujio lilikuwa limetolewa. Bi Machozi alilitumia kuoteshea ua. Maji yakashuka kwa mngurumo mzuri. Mama Dobi akachemsha chai, wakakaa wote wawili kwenye kochi, lililokuwa na mabonde mawili, wakanywa bila kutazamana.

Hawajamaliza, dirisha likagongwa.

"Mama," ikaja sauti ya Mwenyekiti kutoka nje, "tumesahau chaja."

Mama Dobi akainuka, akaichomoa ukutani, akaizungusha waya vizuri, akampitishia kati ya nondo za dirisha.

"Na ile ya mwenzangu," Mwenyekiti akasema. "Ile ya pinki."

Akampa na ya pinki, akavuta pazia, akarudi kwenye chai yake.